Nimemupiga baba mukwe, na namba mbili ndiyo imeleta

Leo nimemupiga baba mukwe mateke mbele ya watu, hapa Kasongo.

Mungoje kwanza! Ni mu mchezo wa video wa kupigana, mu chumba cha kuchezea, ile toleo mpya, namba mbili.

Namba moja ilikuwa ya watu wawili. Baba ya muke wako akiingia, unamuachia maneti yako ya kuchezea, unatoka na heshima.

Namba mbili iko ya watu wanne pamoja. Muzee akakamata maneti ya mwisho.

Nikaanza kumukimbia. Watu wanacheka.

Muzee akasema: "Mukwe, unaogopa nini? Piga!"

Nikapiga. Akaanguka.

Kumbe mu namba mbili mwenye kuanguka anainuka na nguvu zaidi! Akanimaliza, akaruka na furaha.

Tangu ndoa sijawahi kumuona akicheka. Namba moja haikuweza hiyo.

Sasa ananipigia simu: "Kesho unakuja, ao unaogopa?"

Mungejibu nini?