Injini ya Mninga

Sifa zote njema ni za Mola aliyekilaza chuma ardhini na akampa mja macho ya kukitambua. Namshukuru kwa kunifikisha umri huu, na mkono bado unashika brashi.

Babu yangu alitia makaa kwenye injini za reli mpaka magoti yakamkatalia. Tulimleta kwetu Temeke, akawa anashinda barazani akiiulizia injini yake kama mtu anayeulizia ndugu. Stesheni hakuweza tena kufika. Basi nikaazimia kumchongea injini ile, ndogo ya kukaa kiganjani, nimpe siku ya Idi. Tangu Ramadhani ilipoanza, nikishamaliza kusomesha watoto Kurani chuoni, nilikaa na kisu na kipande cha mninga. Dereva sikumweka, mwalimu wangu alinifunza nisichonge chenye roho.

Kuchonga kulikwenda vizuri. Kosa langu lilikuwa rangi. Niliipaka rangi ya fedha kuanzia bomba hadi magurudumu, ikameremeta, nami nikashindwa kuingoja Idi. Nikamwonyesha.

Babu akaigeuzageuza. "Mke wangu!" akaita. Alikuwa akimwita mke wangu mimi, maana ndivyo babu anavyomtania mke wa mjukuu. "Njoo uchukue sufuria lako."

"Dogo hilo, bwana," akajibu kutoka jikoni. "Kwa uji unaokunywa wewe, halitoshi!"

Tulicheka sote, lakini babu aliirudisha mkononi mwangu mapema mno. "Chuma cha kazi hakimeremeti chote, mjukuu wangu. Hung'aa pale kinaposuguliwa."

Kesho yake nikaenda kusimama kwenye ua wa stesheni mpaka alasiri, natazama tu. Kumbe alisema kweli! Tumbo la injini lilikuwa jeusi, na gurudumu lilikuwa jeupe pale tu linapokanyaga reli.

Nikaanza upya. Niliipaka nyeusi yote, nikaiacha ikauke. Nikasaga risasi ya penseli, nikaisugua kwa kidole kwenye kingo na kwenye vyuma vinavyozungusha magurudumu. Rangi ya fedha niliigusisha mstari mmoja mwembamba, ubavuni mwa bomba, pale jua lingepiga. Chini nikapakaza unga wa tofali uwe kutu. Juu ya yote nikapitisha vanishi, ikakauka kabisa.

Siku ya Idi, tuliporudi kutoka kuswali, nikampa. Alipitisha kidole gumba kwenye magurudumu, taratibu, akarudia tena. Mke wangu akaleta pilau. Babu akanyoosha mkono kwenye sinia, kisha akausimamisha hewani.

"Mke wangu, niletee tambara kwanza. Nina grisi."

Mkono wake ulikuwa safi. Mke wangu akanitazama, akalifuata tambara mbio.

Nawe unayesoma, Mola akujaalie mzee wa kumfurahisha, na subira ya kupaka mara ya pili. Amina.