Mafuta Yaliyokataa Kumnenepesha Zuhura

Msimu wa alizeti, Ilongero nzima inanukia mafuta. Harufu inatoka kwenye mashine za kukamulia, nzito, ya joto, inaingia mpaka kwenye nguo, na ukilala unaota unaelea ndani yake. Nilikuwa mtoto bado, na mdogo wangu Zuhura alikuwa anakula kutuzidi wote. Lakini anakonda tu. Mikono kama vijiti, tumbo limejaa hewa, linanguruma.

Kwetu mtoto akikonda, dawa ni mafuta. Mama alikuwa anaumwagia mlenda wake mafuta ya alizeti mpaka unang'aa. Zuhura analamba vidole, anacheka, anazidi kukonda. Ndipo akaja shangazi, dada yake baba, kutoka Mgori. Hata kukaa hakukaa. "Wifi, mtoto unamnyima. Kesho naondoka naye." Mama akainama. Baba naye akajitia kutengeneza jembe! Mimi nikawaka. "Mama hamnyimi mtu! Labda wewe!" Nikala kofi, masikio yakaimba mpaka jioni.

Mama aliomba kitu kimoja tu, Zuhura apelekwe hospitali kwanza. Asubuhi tukapanda bodaboda, Zuhura katikati yangu na mama, mashamba ya njano yanapita taratibu kama tumelala. Shangazi nyuma na ya kwake, hataki kudanganywa. Daktari akauliza choo cha mtoto kikoje. Mimi ndiye niliyekuwa namsafisha, nikadakia, "Kina mafuta. Ukimwaga maji, kinaelea."

Akampima, akarudi kwetu. "Hakuna anayemnyima huyu. Nyuma ya tumbo kuna kongosho. Linatoa maji yanayoingia kwenye utumbo mwembamba, yanavunjavunja mafuta, nyama, ugali, ndipo mwili unachukua. La kwake linatoa kidogo mno. Hayo mafuta mnayommwagia yanapita tu." Zuhura akapewa vidonge vya kufanya kazi ya kongosho, ameze kila anapokula. Shangazi akaangalia dirishani. Akarudi Mgori peke yake.

Leo Zuhura ana mashavu, ana kelele, na vidonge vyake anatembea navyo mpaka harusini. Shangazi siku hizi akiona mtoto wa mtu amekonda, anauliza choo kwanza, kwa sauti, mbele za watu, kama vile yeye ndiye daktari. Wenzake wanamsifu. Mama alishamsamehe zamani, wanachambua mboga pamoja wanacheka. Mimi nampa shikamoo yake kwa adabu zote. Lakini mama yangu hajaombwa samahani mpaka leo, na mimi bado naisubiri.