Limi Maige na Wafalme wa Pagani

Siku Limi Maige aliposhika maiki kwa mara ya kwanza alikuwa na miaka arobaini na tatu, unga wa ngano haujakauka kwenye viwiko vyake, na hakujua hata neno moja la lugha iliyokuwa ikizungumzwa kwenye televisheni. Nilikuwepo. Nilikaa benchi la tatu, karibu na nguzo, na ninayoyasimulia hapa niliyaona mwenyewe, isipokuwa machache aliyonihadithia Limi baadaye.

Sisi wa Rwamgasa tulizoea kumwita Mama Nelly, kwa jina la binti yake anayesoma Shinyanga mjini. Alizaliwa Maganzo, baba yake akichimba almasi bila kuiona, akaolewa huku Geita na Magesa, fundi wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Magesa ni mtu wa maneno matatu kwa siku. Mkewe aliyatumia yaliyobaki. Ukimtuma Limi chumvi, atarudi na chumvi na pia na habari ya muuza chumvi, mkwe wake, na mbuzi wa huyo mkwe, na wewe utaacha mboga iungue ukisikiliza. Kazi yake ilikuwa kuuza maandazi na kukata tiketi mlangoni kwa Pantaleo, mwenye kibanda umiza chetu, ambako wachimbaji hutazama mpira na filamu.

Sasa, Jumapili moja ya masika, mvua ilikata mawasiliano ya dishi dakika chache kabla ya mechi kuanza. Kibanda kilikuwa kimejaa. Pantaleo akakumbuka flashi aliyoachiwa na Marcel, dereva wa malori ya Isaka ambaye huja kumsalimia dada yake kila anaposubiri kupakiwa mzigo wa Rwanda. Marcel mwenyewe aliipata kwa dereva mwenzake na hakujua ni filamu gani. Alichojua ni kwamba ina tembo wengi na ni ndefu mno, vipande zaidi ya sitini.

Pantaleo akaichomeka. Wakatokea wanaume wawili juu ya farasi, wamevaa dhahabu mpaka masikioni, wakitazamana kwa hasira na kusema maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa. Filamu za kigeni tunazozijua huja na sauti ya DJ anayetafsiri. Hii haikuwa na DJ. Baada ya dakika kumi watu wakaanza kuguna na kugonga mabenchi kwa viganja.

Pale mlangoni Limi alikuwa anamweleza jirani yake kinachoendelea. Hakuulizwa, alieleza tu. Wa benchi la nyuma wakamwambia aongeze sauti. Wa katikati nao wakageuka. Pantaleo, ambaye si mtu wa kuacha riziki ipite, akamkabidhi maiki.

Limi akasema kwamba hao ni ndugu wawili, Masalu na Edward, na wanagombea ng'ombe mia mbili wa mahari. Kwenye televisheni hapakuwa na ng'ombe hata mmoja. Mtu mmoja alipouliza, Limi akajibu bila kupepesa kwamba wako nyuma ya kilima. Masalu alipomchoma Edward mkuki, kibanda kizima kiliruka juu, na mchimbaji mmoja, Edward halisi, jamaa mrefu wa duara la bondeni, shimo la dhahabu lililo karibu na mto, alianguka kutoka kwenye benchi akicheka.

Jumapili iliyofuata watu walikuja na viti vyao. Ya tatu, boda zilileta watu kutoka Nyarugusu. Mama zetu wa kwenye mialo, wanaochekecha mchanga wa dhahabu tangu asubuhi, waliacha karai zao wakaja na miguu ya matope. Tembo thelathini na kitu weupe walipita kwenye televisheni wamebeba mizigo iliyofunikwa vitambaa, na Limi akatangaza kwamba Mfalme Masalu anapeleka pamba kwenye mzani. Tukapiga makofi. Bei ya pamba sisi tunaijua.

Hapo ndipo Mwalimu Loveness aliposimama. Ni mwalimu wa historia wa sekondari, binti wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye mwavuli wa njano. Alikuwa amevumilia nusu saa.

"Samahani, Mama Nelly," alisema. "Ile si pamba. Ni vitabu vya dini."

Vichwa vikageuka. Mwalimu akaendelea kwa sauti ya darasani, akasema huyo haitwi Masalu, anaitwa Anoratha, mfalme wa Pagani, katika nchi ya Burma ambayo siku hizi ni Myanmar, na haya yalitokea karibu miaka elfu moja iliyopita. Mtu akauliza kama ni Pangani ya Tanga. Mwingine akamwomba mwalimu akae, kwamba sisi tuna pamba yetu na tumeridhika nayo. Vicheko vikalipuka, lakini Limi hakucheka. Aliweka maiki juu ya spika, akachukua ndoo yake ya maandazi, akaondoka.

Alinieleza baadaye kwamba alipofika nyumbani alimwambia Magesa kazi ya maiki imekwisha. Magesa akasema, "Haya." Chakula cha Limi kikapoa mbele yake. Nilidhani ni aibu. Akaniambia hapana, aibu ilipita kabla hajafika kwenye kona. Kilichomkaa ni lile neno la vitabu. Alishaona watu wakipigana kwa ajili ya shamba, mwanamke, mwamba wenye dhahabu. Vitabu hakuwahi kusikia.

Asubuhi yake, maandazi yakiwa ya moto, alibisha hodi kwa mwalimu. Loveness alifungua mlango akiwa na hofu usoni, akidhani amefuatwa kwa ugomvi.

"Shikamoo, Mama Nelly."

"Marahaba. Nimekuletea maandazi. Nataka uniambie kwa nini mtu apigane vita kwa ajili ya vitabu."

Mwalimu alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Akamkaribisha ndani, akamweleza kwanza jinsi yeye mwenyewe alivyoijua nchi hiyo. Babu yake, mtu wa vijiji vya Shinyanga, alichukuliwa na Waingereza kwenda kupigana huko katika Vita Kuu ya Pili. Alirudi na jina la mto mmoja mkubwa, Irawadi, akampa jina hilo ng'ombe wake aliyempenda kuliko wote. Loveness alikua akimchunga mjukuu wa Irawadi, na alipofika chuo kikuu akatafuta mto huo unapita wapi. Alianza kusoma na hakuweza kuacha.

Basi uji ukachemka ukamwagika jikoni, na hakuna aliyenyanyuka. Mwalimu alieleza kwamba kabla ya Pagani palikuwa na watu walioitwa Wapyu, wenye miji ya kuta za matofali, mpaka walipovamiwa kutoka kaskazini. Kisha Waburma wakakaa kwenye ukingo wa Irawadi wakaujenga mji wao. Anoratha alichimba mifereji, nchi kavu ikaota mpunga. Akamwomba mfalme wa Thatoni, kusini, nakala za vitabu vitakatifu. Akanyimwa. Akauteka mji, akarudi na vitabu, watawa, mafundi na mfalme mwenyewe. Mwalimu akaongeza kwamba habari za tembo zimo katika masimulizi yaliyoandikwa karne nyingi baadaye, na wanahistoria wengine wanazitilia shaka, lakini yako mambo mengine yaliyochongwa kwenye mawe enzi hizo hizo, nayo hayana ubishi mkubwa.

Limi alilipenda jambo hilo kuliko tembo wenyewe. Jumapili akashika maiki tena, akaomba radhi kwa habari ya pamba, na kuanzia hapo akawa na mtindo wake. Akifika mahali penye ushahidi wa jiwe, anasema, "Hapa mwalimu anasema ni kweli." Akifika kwenye masimulizi, anasema, "Hapa mwalimu anasema tusikie tu." Na sisi tukawa tunaitikia, kibanda kizima, kama kanisani.

Ulikuwa mwezi wa wazimu, sina neno jingine. Kila asubuhi Limi alikuwa kwa mwalimu, kila Jumapili saa tisa mchana yuko kwenye maiki na Loveness pembeni yake. Nyati mwitu alipomuua Anoratha, wafugaji wetu waliinama wakasikitika kwa dhati, maana mnyama mwenye pembe wanamheshimu. Kisha akaja Kyansitha, jemadari aliyefukuzwa mara mbili kwa sababu ya kumpenda binti wa mfalme, akarudi mara mbili. Mfalme mpya, Sawlu, alikuwa mvivu wa kufikiri, akatekwa na waasi. Kyansitha akanyatia mpaka kambini, akambeba mgongoni kumtorosha.

"Na huyu Sawlu," Limi alisema, sauti ikipanda, "yuko mgongoni mwa mtu anayemwokoa, anawaza: huyu nilimfukuza, bila shaka ananiiba akaniue. Akapiga kelele kuwaita waasi."

Akaangusha mfuko wa unga sakafuni, pu, kuonyesha jinsi Kyansitha alivyombwaga akakimbia kuogelea mto. Watu walilia kwa kicheko. Wiki hiyo hiyo duara la bondeni likapewa jina la Kyansitha, na kwenye mialo mtu akikataa msaada anaambiwa asiwe Sawlu. Mwamvua, muuza supu, aliniambia mumewe amemwita Sawlu, naye akamjibu kwamba anayebebwa ni mume, basi ashuke mgongoni mwake.

Halafu Jumapili moja flashi ikafa. Tulikuwa tumefika kwa mfalme wa mwisho wa enzi kuu za Pagani, Narathihapate, aliyejisifu kwenye maandishi ya hekalu lake mwenyewe kwamba hula mboga za aina mia tatu kila siku. Picha ikagawanyika vipande vya rangi, ikaganda, ikazima. Pantaleo alijaribu kuichomoa, kuipuliza, kuichomeka. Marcel alikuwa njiani kwenda Kigali. Watu zaidi ya mia walikuwa wamebanana humo, na Pantaleo akaanza kutangaza kwamba ataweka mpira.

Limi akamwomba aache. Akasimama mbele ya televisheni nyeusi. Nilimwona akimtazama mwalimu, na mwalimu akaitikia kwa kichwa kwamba endelea.

Akaeleza kwamba kwa miaka mia mbili na zaidi wafalme walijenga mahekalu kwa maelfu, na kila hekalu likapewa mashamba na watu wa kuyalima, na mashamba ya hekalu hayalipi kodi. Nchi ikapendeza machoni, ghala la mfalme likawa tupu. Ndipo Wamongoli walioitawala China walipotuma wajumbe kudai utii, na vita ikaja. Tembo wakachomwa mishale mpaka wakageuka wakakanyaga jeshi lao wenyewe. Mfalme wa mboga mia tatu akakimbilia kusini.

Edward, yule mrefu, akasimama.

"Mama Nelly, mwambie asikimbie."

"Siwezi, Edward. Alikimbia. Watu wake walimpa jina hilo, mfalme aliyewakimbia Wachina."

"Wiki ile ya ng'ombe ulisema ulivyotaka."

"Wiki ile nilikuwa sijui."

Edward akakaa. Limi akamalizia kwamba mfalme aliwekewa sumu na mwanawe mwenyewe, na Pagani haikurudi tena kuwa ilivyokuwa. Wanaume wanaoshuka mita mia chini ya ardhi walikaa wakitazama mikono yao. Mama mmoja wa mwaloni alifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Kisha?" Pantaleo aliuliza, na hakuwa na habari kwamba amesema kwa sauti.

Limi akavuta pumzi, na nikaona uso wake ukiwaka. Akatuvusha mbio mbio falme ndogo zilizopigana karne mbili, Ava kaskazini na Pegu kusini, mpaka Taungu, mji mdogo usiotiliwa maanani na mtu, ambako alitokea jemadari Bayinnaung. Akatupeleka mtoni. Adui ng'ambo ni wengi mara nyingi zaidi. Bayinnaung akavusha watu wake kwenye daraja la maboya, kisha akalivunja nyuma yao. Akaja mjumbe wa mfalme wake: subiri, jeshi kubwa linakuja.

"Hajapigana bado," Limi alisema taratibu. "Hata mshale mmoja. Akamwambia mjumbe: kamwambie mfalme tumeshashinda."

Sijui nieleze vipi kilichotokea. Benchi la mbele lilivunjika. Edward alimnyanyua Pantaleo. Watu waliokuwa nje kwenye tope, wasiosikia vizuri, nao walishangilia kwa sababu waliokuwa ndani wanashangilia. Na Limi alipowaambia baadaye kwamba Bayinnaung alishinda kweli, akaja kuwa mfalme, akajenga himaya kubwa kuliko zote za upande ule, na kwamba haikupita miaka ishirini tangu afe ikasambaratika yote, hakuna aliyebisha. Waliangua kicheko, wakauliza nani anafuata.

Marcel alirudi, akasema flashi haiponi, akaomba radhi mpaka akachoka. Hakuna aliyeihitaji. Jumapili za Limi ziliendelea bila picha mpaka kiangazi, na mkuu wa shule akamwita azungumze na kidato cha pili.

Huko ndiko mwanafunzi mmoja alimuuliza amesoma mpaka wapi. Limi akasema darasa la saba. Mwalimu Loveness, njiani kurudi, akamtajia Mtihani wa Maarifa, ule wa watu wazima wanaotaka kuendelea na sekondari. Limi akajiandikisha kesho yake. Alilalamika sana kwamba ndani ya muhtasari wa historia hamna Burma, akalalamika zaidi kuhusu hisabati, na kwa miezi kadhaa maandazi yetu yalikuwa yakiungua upande mmoja kwa sababu mpishi anasoma.

Matokeo yalitoka siku ya kazi, saa nne asubuhi. Mwalimu aliyasoma kwenye simu akiwa darasani, akawapa wanafunzi zoezi, akapanda boda mpaka kwenye karasha ambako Limi alikuwa amempelekea mumewe chai. Mashine zilikuwa zinanguruma, hakuna neno linalosikika. Loveness alionyesha vidole gumba viwili juu, kwamba amefaulu, akageuza simu ili Limi asome mwenyewe. Limi akasoma, akarudia kusoma. Magesa akazima karasha, jambo ambalo halijawahi kutokea mchana wa siku ya kazi, na katika ule ukimya, akiwa mweupe wa vumbi kuanzia nyusi mpaka viatu, akaanza kucheza.