Mshenga wa Mafuta ya Nyonyo

Kaka yangu Leonidas alichunga ndama kwetu Mungaa, Singida, akasomeshwa na mapadri, na baada ya Uhuru serikali ikampeleka Hungaria. Akarudi mkemia. Mama alimwuliza mkemia ndiye nani. "Mpishi, mama, ila chakula chake hakiliwi." Mama akaguna, "Basi umesomea hasara."

Miaka yote aliyokaa maabara Dar es Salaam alihangaika na jiwe la aina moja, wenyewe wanaliita zeolaiti. Ndani yake mna vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila chumba kina mlango. Mimi niliishia darasa la nne, nikamwomba anieleze kwa lugha ya zizi.

"Magdalena, unakajua kamlango ka ndama? Ndama anapita, fahali anagonga pembe anabaki nje. Jiwe hili linachagua vivyo hivyo. Mafuta mazito yakipitishwa humo kwa moto, yanakatika, yanatoka mepesi."

"Na jiwe lenyewe je?"

"Linabaki jiwe. Ni kama mshenga. Anaunganisha watu, harusi inafanyika, yeye anarudi kwake kama alivyokuja. Kesho anaitwa kwingine."

Alichokuwa anakitafuta ni kugeuza mafuta ya nyonyo yawe mafuta ya taa. Kwetu nyonyo zinaota hata nyuma ya choo, na mafuta ya taa yalikuwa yameadimika. Alishapata chupa moja. Tuliiwasha kwa mama tukasali rozari, na taa haikutoa moshi hata kidogo. Lakini unga wa jiwe lile ulitoka Ulaya, ukaisha, na fedha za kigeni za kununulia mwingine hazikuwapo. Ndipo akakumbuka mawe meupe ya korongoni tulikochungia, yale tuliyokuwa tukiyatia motoni yakatoa povu, akajua ni jiwe la aina ile ile. Mwaka wa sabini na nne akaja likizo, akayachimba, akayapanga nyuma ya nyumba ya mama. Kilichobaki ni ruhusa ya kijiji kuyasafirisha. Asipoyafikisha, utafiti ungefungwa.

Sasa mwaka ule ndio tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya. Nyumba za zamani zilikuwa zimebomolewa, watu wana donge. Antipasi, katibu wa chama kijijini, akiona wawili wanacheka anauliza wanamcheka nani.

Asubuhi ya mkutano wa kijiji wa kuomba ruhusa nilimwambia, "Kaka, ukiulizwa kazi yako, sema mshenga."

Akacheka sana. "Nisimame mbele ya chama niseme nimesomea ushenga? Lipo neno lake la Kiswahili safi."

Basi akasimama na shati lake jeupe. Antipasi akamwuliza, "Ndugu, hasa hasa unafanya kazi gani huko?"

"Natengeneza vichocheo."

"Unatengeneza nini?"

"Vichocheo. Kichocheo kinaingia katikati, kinaharakisha mabadiliko, halafu chenyewe kinabaki salama."

Antipasi akawageukia watu. "Mmemsikia kwa kinywa chake, wananchi? Mchochezi! Anawachochea ninyi, yeye anabaki salama!"

"Siyo watu, Bwana Antipasi, ni mafuta..."

"Kumbe na mafuta ya kuchomea yapo!"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Wengine walitazama chini. Mgambo wakamshika mkono, na mama akawa anawafuata akiwaeleza kwa Kinyaturu kwamba mwanawe ni mpishi.

Alikaa mahabusu mjini Singida mpaka mtama ukavunwa, hakuna aliyemshitaki, wakamwachia tu. Kule maabara chumba chake kilishapewa mwingine. Akapangiwa ghala la Kintinku, kupima magunia ya nyonyo yanayopakiwa kwenda nje. Fikiria, nyonyo! Mawe yake nayo yalibebwa kwa msaragambo, kijiji kizima tukiitwa kujenga, yakawa ukuta wa ofisi ya chama. Mimi pia niliyabeba kichwani. Mama alifariki kaka akiwa Kintinku.

Alirudi nyumbani akakaa kwangu, kifua kimeharibika kwa vumbi la magunia. Masika moja, jua linazama, Antipasi akaja, kofia mkononi.

"Hodi, dada Magdalena. Nimekuja kumwona msomi wetu."

"Karibu."

"Ndugu Leonidas, ukuta wa ofisi kila masika unalia maji. Tunapiga lipu, inadondoka. Mafaili yameota ukungu. Tatizo nini?"

"Mawe yale yana vyumba," kaka akasema. "Yanakunywa maji."

"Sasa mbona hukutuambia?"

Kaka alikohoa kwanza, muda mrefu.

"Nilikuwa ndio kwanza naanza kueleza."

Antipasi akatazama kofia yake. Nilimpa uji, maana mgeni ni mgeni, na Baba Yetu ninaisali kila siku ingawa pale kwenye kusamehe huwa napita upesi. Giza likaingia. Nikawasha kibatari cha mafuta ya nyonyo, ghafi kama yalivyokamuliwa, na moshi wake ukatuchoma macho sote watatu.