Pa Kuzeekea Nilipachagua Mwenyewe

Nilisomesha michezo katika skuli za wasichana hapa Maskati tangu ujanani, miaka michache baada ya kuja kutoka Unguja, mpaka nikastaafu. Nimeruka viunzi mbele ya wanafunzi wangu nikiwa na mimba ya miezi minne. Nayasema haya si kwa kujisifu, bali ili ieleweke kwa nini mume wangu alipofariki, kilichonitisha baada ya msiba wenyewe kilikuwa magoti yangu.

Nilikaa eda miezi minne na siku kumi katika fleti yetu ya Wattaya. Siku niliyotoka nilishuka ngazi nikishikilia ukuta kama mtoto anayejifunza kutembea. Chini alikuwa ananisubiri shoga yangu, muuguzi mstaafu, mtu aliyeachwa na mumewe zamani na hakujaaliwa watoto. Watu wake walitokea Bara, wangu Unguja, na miaka yote tulikuwa tukichekana kwa lafudhi. Siku ile hakucheka. Aliniangalia miguu akasema, "Kesho alfajiri vaa viatu vya kamba. Usivae makubadhi."

Tukaanza kutembea. Kabla jua halijakaza tulikuwa tumeshapita maduka yote ya magari ya Wattaya, wafanyakazi wakifuta vioo na kutupungia mikono. Siku za Ijumaa alinipakia kwenye gari lake mpaka Qantab, tukaingia baharini na nguo zetu, maji yakatufika kifuani, tukatembea humo kwenda na kurudi. Nusu mwaka haujatimia, nilishuka ngazi zile bila ya kugusa ukuta.

Hapo ndipo aliponiambia, "Mwenzangu, hizi ngazi zitatushinda siku moja. Tutafute pa kuzeekea tukiwa bado tuna miguu ya kupatafutia."

Tulikwenda kutazama pahala patatu. Pa kwanza palikuwa na ukumbi wa marmari na maua mabichi, lakini ndani wazee walipangwa kwenye viti vya magurudumu wakiielekea televisheni, na hapana aliyekuwa akiitazama. Pa pili walituonesha chumba cha mazoezi. Mashine zilikuwa bado zimefunikwa na nailoni za dukani. Nilimuuliza msichana aliyetutembeza nani anazitumia, akanijibu, "Zipo, Mama, kwa anayetaka."

Pa tatu palikuwa makaazi mapya ya wastaafu, si mbali na bahari. Niliuliza kama nilivyokuwa nikikagua viwanja vya skuli: bwawa lina kina gani, maji yanapashwa moto au hayapashwi, wanawake wana saa zao kila siku au wanapewa zinazobaki, njia ya kutembelea ina kivuli, mwalimu wa mazoezi anajua nyonga ya mtu wa miaka sabiini. Yote yalijibiwa. Na tulipofunguliwa mlango wa bwawa, palikuwa na bibi mmoja, naamini miaka thamanini ameshaipita, ameshika ubao anapiga miguu. Maji yakaturukia mpaka kwenye abaya zetu.

"Hapa," tulisema kwa pamoja.

Tukachagua vyumba viwili vya chini vinavyopakana. Nikajaza fomu palepale. Pahala pa kuandika jamaa wa karibu niliandika jina na simu ya mwanangu mkubwa. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, maana walimpigia kabla sijamwambia.

Alikuja jioni ile ile pamoja na mdogo wake na dada yao. Hakukaa.

"Mama, khabari kama hizi nazisikia kwa mtu baki?"

"Nilitaka kukuiteni Ijumaa nikuambieni."

"Tumekukosea nini?"

"Hamkunikosea kitu. Nataka pahala penye watu wa umri wangu, nitembee, niogelee."

"Kuogelea!" Alimgeukia dada yake kama aliyesikia maneno ya mgonjwa wa homa. "Sisi watoto watatu, kila mtu na jumba lake, mama yetu tumpeleke nyumba ya wazee? Ami zangu watasema nini? Watu watasema tumekutupa."

Binti yangu alikuwa analia. "Mama, mimi nitaingia vipi kwenye harusi za watu?"

Yule mdogo alikuwa anaitazama simu yake.

Nilikuwa na jawabu. Mtu aliyesimama mbele ya mabinti mia kwenye jua hakosi jawabu. Lakini nilikumbuka kwamba miaka mingi nyuma, mwalimu mwenzetu mmoja alikwenda kuishi pahala kama hapo, nchi ya mbali, na mimi, katika chumba cha walimu, kikombe cha chai mkononi, nilisema, "Maskini, kumbe alizaa nyoka." Wote wakatikisa vichwa. Hakuna aliyeuliza kama alikwenda kwa kupenda. Hao watu ambao mwanangu alikuwa akiwaogopa nilikuwa nawajua vizuri. Mimi ni mmoja wao.

Nikasema, "Basi. Yameisha."

Nilikwenda kumweleza shoga yangu. Akasema, "Umewaogopa watoto uliowafunga nepi kwa mikono yako."

"Wewe huna watoto," nilimjibu. "Huwezi kujua."

"Kweli," akasema. "Sina."

Nimesema maneno mengi maishani, lakini hilo ndilo ambalo ningelipa chochote nilirudishe mdomoni. Alihamia kule peke yake. Hakuniomba nikamsaidie kufunga mizigo.

Mimi nikahamishiwa Bawshar, kwenye nyumba ndogo ya uani nyuma ya jumba la mwanangu. Sitasema uongo: ni nyumba nzuri. Mkaza mwanangu alichagua mapazia mwenyewe, bafuni mna vishikio, kipoza hewa hakitoi hata mlio. Chakula kinaletwa kwa sinia kabla sijahisi njaa. Lakini nje ya geti hamna njia ya mtu wa miguu. Kuna kuta ndefu za watu, halafu barabara kubwa, na ng'ambo yake duka kubwa ambalo lazima upelekwe kwa gari. Dereva ni wa skuli za wajukuu. Nilipotoka peke yangu mara ya kwanza, mwanangu alipigiwa simu na jirani.

"Mama, utagongwa. Tembea hapa hapa uani."

Uani kwenda na kurudi ni hatua arubaini na mbili. Nilitembea wiki tatu, nikachoka kama anayezunguka kisima. Akaninunulia mashine ya kutembelea. Nikaipanda siku ya kwanza, kizunguzungu kikanishika, ikawa basi. Siku hizi msichana wa kazi anaanikia mataulo juu yake.

Karibu mwaka ulipita ndipo nilipopata dereva wa kunipeleka kumtazama shoga yangu. Nilimkuta bwawani. Alikuwa amekonda kwa uzuri, mabega yamenyooka. Katika chumba nilichokichagua anakaa mama mmoja wa mji wa Sur, na nilivyowaona wakitaniana nilijua wameshazoeana. Nikauliza kama kuna nafasi. Wanaosubiri ni wengi, akaniambia.

"Nna nguo za ziada," akasema. "Ingia basi."

Nikavaa. Ngazi za kuingilia majini ni tatu tu. Nikaweka mguu kwenye ya kwanza, na goti likakataa. Sikuanguka, yeye alinidaka kwa mikono ya kiuuguzi. Nikakaa ukingoni nikatia nyayo. Alikaa na mimi kitambo, bega lake likidondoka maji kwenye nguo yangu. Nilitaka kumwomba radhi kwa lile neno. Kabla sijaanza, mwalimu akapiga filimbi na wenzake wakamwita. "Nenda," nikamwambia, naye akaenda.

Iddi iliyopita ami zake mwanangu walikuja kula. Nilipambwa, nikakalishwa mbele. Mwanangu alisimama katikati ya majlisi akasema, "Mama yupo nasi. Wengine wanawapeleka wazee wao, sisi hatukumpeleka popote." Wakamwombea dua. Mzee mmoja akaniambia, "Umebarikiwa, bibi," na mimi nikasema alhamdulillahi, kwa sababu hakuna jawabu jingine la kumpa mgeni siku ya Iddi.

Walipoanza kuondoka nilimshika mwanangu mkono.

"Kaa na mimi kidogo."

"Mama," akasema kwa upole, jicho liko mlangoni, "si tupo nyumba moja? Nakuja sasa hivi."

Akatoka kuwasindikiza wageni. Nilisubiri mpaka sinia zikaondolewa na zulia likapigwa ufagio. Kisha nikamwita msichana wa kazi aje aninyanyue.