Maji Yenye Ubani

Mpaka leo sinywi maji nyumbani kwa mtu kabla sijayanusa, na nikishayanusa bado siyaamini. Wenyeji wangu huona nina maringo. Wajukuu zangu hunicheka, wananiambia bibi ana pua ya mbwa. Nawaacha wacheke. Pua hiyo iliwahi kuchelewa siku nane, na kuchelewa kwake nusura kuniondolee mtoto.

Mji wetu ni mdogo, uko kwenye vilima vya upande wa Kwale, nami sitautaja jina kwa sababu baadhi ya watu wake wangali hai na ni wepesi wa kununa. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Tulikuwa na mabomba mawili tu ya kuchota maji, moja sokoni na moja mtaani kwetu, yote mapya, na kila moja lilikuwa na tangi lake lililojazwa na chemchemi yake huko juu ya mji. Zamani tulikuwa tukipanda wenyewe kwenye chemchemi hizo na mitungi kichwani. Kwa hiyo bomba lilipofunguliwa, akina mama walilipigia vigelegele kana kwamba ni bibi harusi. Juu zaidi ya chemchemi kulikuwa na josho la wafugaji, lile handaki la saruji linalojazwa maji na dawa, ng'ombe wanatumbukizwa humo ili kupe wafe. Lilikuwapo miaka yote na hakuna aliyelifikiria.

Mimi nilikuwa nikipiga taipu katika ofisi ya afya. Mume wangu alikuwa kazini Ramisi, kwenye miwa, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Binti yetu, aliyekuwa na miaka miwili na kitu, alishinda na mama yangu, kwa kuwa tulikaa nyumba moja. Nilikuwa mwanamke wa kwanza wa mtaa ule kwenda kazini amevaa viatu vya kisigino, na sikuwa na haya ya kupita katikati ya njia ili nisikike.

Sasa niwaeleze habari za mama na mtungi wake. Mama yangu hakujua kusoma, lakini kwa maji alikuwa na utaalamu wake. Mtungi aliusugua kwa makumbi ya nazi, akauanika juani mpaka ukauke kabisa. Kisha alitia kaa la moto kwenye chetezo, akanyunyiza ubani, akaufunika mtungi juu yake, mdomo chini, mpaka ujae moshi. Hapo ndipo alipotia maji. Ukinywa kata moja ya maji yale unaisikia harufu ya ubani mpaka kooni. Maji yasiyofukizwa, kwake yeye, yalikuwa ya kuogea na kufulia. Si yeye peke yake. Mtaa mzima ulifanya hivyo, na mgeni aliyepewa maji yasiyonukia angeweza kwenda kuyasimulia.

Masika yale yalikuja kwa kishindo. Baada ya wiki moja ya mvua, watu watatu wa upande wa sokoni walitapika siku moja, na mmoja wao akaja ofisini akilalamika kwamba maji ya bomba yananuka kama tapentaini ya kuchanganyia rangi. Mkubwa wetu wa kazi tulimwita Bwana Afya. Alikuwa mtu wa bara, kijana mwenye bidii, na Kiswahili chake kilinichekesha kila siku. Alipanda mwenyewe hadi kwenye josho akiwa na mwavuli, akarudi amelowa mpaka magotini.

"Hii josho imejaa na imemwagika," aliniambia. "Hii maji iko na dawa ya ng'ombe."

Alijaza chupa mbili, moja kwa kila bomba, akazipeleka Mombasa zikapimwe. Barua ya majibu ilifika baada ya siku kadhaa, na mimi ndiye niliyeifungua, kwa kuwa barua zote nilizifungua mimi. Ilikuwa na mistari miwili. Kila mstari ulikuwa na jina la bomba, kiasi cha dawa kilichoonekana kwenye maji, na pembeni kiasi cha mwisho kinachoruhusiwa. Naona haya kusema, lakini mstari wa bomba letu niliusoma kwanza. Ulikuwa chini ya kiwango. Nilipumua. Baadaye ndipo nilipoutazama mstari wa sokoni, uliokuwa umepita kiwango kwa mbali, na hata hapo niliutazama kama mtu anayesoma habari za msiba wa watu asiowajua.

Bomba la sokoni lilifungwa siku ile ile. Letu liliachwa wazi, kwa sababu kipimo kilikuwa kizuri na mji hauwezi kukaa bila maji. Hata hivyo Bwana Afya hakuwa na raha. Mvua ilikuwa bado haijakatika, na kipimo kingine kingechukua siku nyingi. Akaniambia tuandike tangazo. Alisema dawa ile ina harufu kali, hata ikiwa kidogo mtu ataisikia, basi watu wanuse maji kabla ya kunywa.

Alitamka, nikaandika. Kila neno lake nililirekebisha. "Hii maji" niliifanya "maji haya", vile vikorokoro vyake vya bara nikavifuta vyote, na lilipokwisha lilikuwa tangazo zuri kuliko yote yaliyowahi kutoka ofisi ile. Lilisema kwamba kila mtu kabla ya kunywa au kupikia, ayanuse maji yake, na akisikia harufu ya dawa ayamwage na aje kutuarifu. Nililipiga chapa nakala nyingi, zikabandikwa msikitini, shuleni na kwenye maduka. Moja nilikwenda nayo nyumbani, nikamsomea mama pole pole, mara mbili, mtoto akiwa mapajani mwake anavuta karatasi.

"Kunusa tu?" mama aliuliza.

"Kunusa tu, mama. Bomba letu ni zima, nimeona kwa macho yangu. Hii ni tahadhari."

"Haya, mwanangu. Tutanusa."

Mvua iliendelea. Kwa siku nane nilitoka asubuhi, nikarudi adhuhuri kula, nikarudi tena kazini. Kila nikirudi nilipiga kata mbili za maji ya mtungini kabla ya kuvua viatu, yalikuwa baridi na yananukia vizuri. Nilikuwa na kichwa kinachogonga, nikasema ni kelele za mashine ya taipu. Mtoto alikuwa ameacha kula vizuri, mama akasema ni meno ya nyuma. Kila jambo tulikuwa na la kulisemea.

Siku ya nane, baada ya sala ya alasiri, jirani yetu alikuja ofisini bila kilemba. Hakuamkia mtu. Alisema tu, "Njoo, mtoto ana degedege," akageuka kurudi. Nilivivua viatu vyangu nikaviacha chini ya meza.

Nilimkuta mama amekaa sakafuni, binti yangu mikononi mwake, mwili umekakamaa, macho yamegeuka juu, mate yanamtoka mengi kuliko nilivyodhani mtoto anaweza kuwa nayo. Mikono ilikuwa ikimrukaruka. Mama alikuwa akimsomea Ayatul Kursi, sauti haitikisiki. Jirani mmoja alisema apigiwe bao na mganga. Mwingine akasema afunikwe nguo nyeusi ya kaniki. Mimi nilimpakata mtoto nikakimbia naye hospitalini, pekupeku, kwenye matope, mama nyuma yangu, na njia nzima nilikuwa nikimwambia mtoto maneno ambayo siyakumbuki. Niliogopa. Sijawahi tena kuogopa namna ile, hata nilipozika watu wangu.

Tabibu alimdunga sindano, mitetemeko ikapungua lakini haikuisha. Akauliza mtoto amekula nini. Uji, mama alisema. Amekunywa nini.

"Maji safi," mama alisema. "Hayana neno, nimeyanusa. Kila asubuhi nayanusa kama mwanangu alivyonisomea. Na tangu kuja ile karatasi yao nafukiza mtungi mara mbili badala ya moja, nisiache nafasi."

Tabibu alikuwa akiandika, hakuinua kichwa. Lakini mimi nililisikia lile neno la kufukiza. Nilisimama, nikatoka bila kuaga, nikarudi nyumbani mbio.

Nilifunua mtungi nikaingiza kichwa karibu kizima. Ubani. Nilivuta tena, nikapata ubani tu, mzito, mtamu, ubani wa sikukuu. Nikachukua bakuli la bati nikaenda bombani. Nililisuuza, nikalijaza, nikaliinua puani. Haikuwa harufu kubwa. Ilikuwa nyembamba, kama ya chumba kilichopakwa rangi juzi. Lakini ilikuwapo, na aliyewahi kusimama karibu na josho asingeweza kuikosea. Nilikaa pale pale kwenye saruji iliyolowa, na wanawake wawili waliokuwa wakisubiri zamu wakanitazama, mitungi yao mitupu, iliyokwisha kufukizwa, imelala ubavuni. Harufu ya ubani ilinifikia nilipokaa.

Niliwaambia wasichote. Walidhani nimepagawa kwa ajili ya mtoto. Nikawaambia wanuse bakuli. Wa kwanza alinusa, akalirudisha kwangu haraka, akaanza kulia kabla sijamweleza kitu, kwa sababu alikuwa na mimba kubwa.

Nilitamani kurudi hospitalini, kila kitu mwilini mwangu kilitaka kurudi. Lakini niliona milango ya mtaa wetu, mmoja baada ya mwingine, na nyuma ya kila mlango mtungi unaonukia, na mtoto anayeomba maji kwa kuwa jua limetoka baada ya mvua. Tangazo langu lilikuwa limebandikwa kwenye duka la mkabala, limenyooka, halina kosa hata moja la lugha. Nilimtuma yule mwenye mimba kwa Bwana Afya, aje afunge bomba. Mimi na mwenzake tukaanza na nyumba ya kwanza.

Sikubisha hodi kama inavyopasa. Niliingia, nikauliza mtungi uko wapi, nikaumwaga uani. Wengine walinigombeza. Mzee mmoja wa kike, rika la bibi yangu, alinishika mkono akaniambia nina wazimu, maji yake ameyanusa na yananukia kama ya peponi. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, ndiyo maana nayamwaga." Aliniachia. Katika nyumba mbili nilikuta watoto wamelala mchana, wachovu, midomo inawatoka mate, na mama zao wananiambia ni mafua. Tuliwapeleka hospitalini mgongoni. Na katika kila nyumba nilifikiri: mtoto wangu amekwisha kufa na mimi niko hapa namwaga maji ya watu.

Hakufa. Niliporudi jua lilikuwa linakaribia kuchwa. Alikuwa amelala, amelegea, mikono imetulia, na tabibu akasema akifika asubuhi bila kutetemeka atapona. Alifika. Wale watoto wa nyumba zile mbili nao walipona, na yule mwenye mimba alijifungua salama, ingawa miezi yote iliyobaki sikuweza kumtazama usoni. Bwana Afya alifunga bomba, maji yakaletwa kwa lori mpaka masika yakaisha na josho likajengewa ukuta. Aliponiuliza kwa nini watu hawakusikia harufu, nilimweleza mambo ya mitungi. Akasema, "Mimi sikujua hiyo maneno, dada." Hakunilaumu. Alikuwa mgeni, angejuaje.

Lakini jioni ile, kitandani pa mtoto, hayo yote yalikuwa hayajatokea. Mama alikuwa amekaa kwenye kibao, leso imemwanguka mabegani. Nilimweleza nilichokikuta bombani, na nilichokifanya mtaani, na kwa nini pua yake haikumwambia kitu. Nilimwambia si kosa lake. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea alie.

"Kwa hiyo nilimnywesha mimi," alisema. "Nikafukiza mara mbili, nikamnywesha."

"Mama, ulifanya kama nilivyokusomea."

"Ndiyo. Ulinisomea vizuri." Akamtazama mtoto, akamtengeneza mto. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaka kujua tu: "Ulipokuwa ukiiandika ile karatasi, mtungi wangu haukukujia?"

Nilikuwa nimenywa maji ya mtungi ule tangu kuzaliwa. Nimeubeba, nimeusugua, nimechomwa na kaa la chetezo kile nikiwa mdogo na kovu liko hapa mkononi. Na kata mbili zake nilikuwa nimezinywa adhuhuri ile ile.

Nilimwambia haukunijia. Mama aliitikia kwa kichwa, akamfunika mtoto miguu, na katika miaka yote aliyoishi baada ya hapo hakufukiza mtungi tena.