Mota za Fotokopi ya Burungu

Zéphyrin ni seremala wa Mubi, katika eneo la Walikale, lakini hakuzaliwa Mubi. Alizaliwa Kirolirwe, kwenye malisho ya ng'ombe, akashuka mpaka Walikale vita vilipowatoa kwao. Jina lake lilijengwa na milango. Watu walipenda maua na herufi alizochonga kwenye mbao ngumu za libuyu, ila patasi ilikuwa inamla: asubuhi vidole vilikataa kukunjika. Ndiyo maana akaanza kujitengenezea mashine ya kuchonga, ile inayofuata mchoro uliomo kwenye kompyuta.

Fremu haikumshinda, kwa kuwa ilikuwa ya mbao. Kilichomsumbua ni mota. Mashine kama hiyo haitaki mota inayozunguka ovyo kama ya feni. Inataka ile inayokwenda hatua kwa hatua, na ikiambiwa simama, inashikilia pale pale. Alianza na ndogo alizozifungua kwenye printa mbovu. Kwenye mbao laini zilijitahidi. Kwenye libuyu kisu kilikwama, mota ikaruka hatua bila kompyuta kujua, na neno AMANI likatoka na M iliyopanda juu ya A. Ubao uliishia jikoni kwa mke wake.

Tangu hapo akajifunza kuchagua. Alikuwa anakamata mhimili wa mota kwa vidole na kuuzungusha, asikilize sumaku zinavyonata ndani kama meno. Kisha anagusanisha nyaya mbili na kuzungusha tena. Mota ikigoma, ina nguvu; ikiteleza, inarudi kwa mwenyewe.

Dusabimana, muuza vyuma chakavu, alimletea mbili nzito zilizogoma vizuri kabisa.

"Zilitoka mu fotokopi moya kubwa," alisema.

"Wapi?"

"Kule Masisi. Nyumba ilikuwa wazi tu, kaka. Usiniulize mingi."

Zéphyrin hakuuliza. Alizifunga kwenye mashine, moja ya kwenda mbele na nyuma, nyingine ya kulia na kushoto. Mota za namna hii zinaimba: kila mwendo una sauti yake, na hata zikisimama zinabaki zikivuma kidogo. Hizi zilivuma chini, kama mtu anayeguna huku akifikiri.

Jua lilikuwa limewaka, barabara imejaa pikipiki, mashine ikivuma, Mama Verdiane alipoingia na kiti kilichovunjika mguu. Alikuwa mkimbizi kutoka Burungu, huko Masisi, anauza vitenge sokoni. Hakusema habari ya kiti. Alisimama mlangoni, akakiweka chini polepole.

"Papa Zéphyrin, hii sauti umeitoa wapi?"

"Ni mota tu, Mama. Za fotokopi ya zamani."

"Ni ya bwana yangu," alisema. "Nililala miaka nyuma ya ukuta na hii sauti."

Athanase, mume wake, alikuwa na mashine pekee ya fotokopi pale Burungu. Asubuhi moja alipanda pikipiki kwenda kununua karatasi, na hakuonekana tena, yeye wala pikipiki. Verdiane alikimbia vita bila kumlilia. Utamliliaje mtu ambaye hakuna aliyeuona mwili wake?

Zéphyrin alimwambia kwa upole kwamba mashine nyingi zinafanana sauti. Verdiane akatikisa kichwa.

"Angalia chini. Alipakaa vernis yangu ya makucha juu ya waya moya, asisahau kwenye inaingia. Ile nyekundu."

Zéphyrin alizima, akachomoa betri, akazifungua. Chini ya vumbi la mbao, kwenye waya mmoja, kulikuwa na tone jekundu la rangi ya kucha, limekauka.

"Ni zako, Mama," alisema. "Uzipeleke."

Alipoona machozi yanakuja, akatafuta la kumtuliza. Akaunganisha nyaya za mota moja na za nyingine, bila umeme wowote, akaiweka moja mezani na nyingine kwenye kiganja cha Verdiane. Akauzungusha mhimili wa ile ya mezani. Ule wa kiganjani ukazunguka nao. Verdiane akacheka. Alizungusha wake, na wa mezani ukamjibu.

"Hakuna uchawi," Zéphyrin alisema. "Ukizungusha moya, inazaa umeme kidogo, inasukuma mwenzake."

Akageuka kuchukua kitambaa cha kuzifungia.

"Ni weye iko nazungusha?" Verdiane aliuliza.

Hakuwa yeye. Mkono wa Verdiane ulikuwa wazi kama wa mtu anayepokea ostia kanisani, na mhimili ulikuwa unazunguka. Mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele tena. Wa mezani ulikwenda nao, hakuna aliyeugusa. Zéphyrin alikamata nyaya akazitenganisha.

Mota ya mezani ikasimama. Ile ya kiganjani ikaendelea.

Alinyoosha vidole akaushika mhimili. Ulimsukuma, bila hasira, kwa subira ya mtu anayejua kazi yake. Akauachia.

"Karatasi ikikwama," Verdiane alinong'ona, "njo vile alikuwa anafanya. Mbele, nyuma. Asipasue."

Mhimili ukazunguka mara moja, laini, ukatulia.

"Imetoka," Verdiane alisema.

Aliondoka na mota zake; kiti alikisahau pale.

Mama Joséphine-Marie, mwenye nyumba aliyopanga Verdiane, ni mzaliwa wa Walikale na mwimbaji wa kwaya. Aliposikia hakushangaa sana. "Mu jamaa yetu," alisema, "muntu akipotea mu pori, tunazika kitu mikono yake ilizoea." Wakazika mota zote mbili nyuma ya nyumba, kwa sala na nyimbo. Verdiane akalia matanga aliyokuwa ameyabeba miaka yote hiyo, na wanawake wa soko wakalia naye.

Zéphyrin aliagiza mota mpya Goma, zikafika kwa lori ndani ya plastiki. Alizipima kwa vidole vyake kama kawaida, zikagoma. Kazi yake ya kwanza kwenye libuyu ikawa msalaba wa Athanase, na herufi zilitoka zimenyooka, bila hata moja kuruka.

Sasa anachonga milango mingi kuliko zamani, na vidole vimepata nafuu. Dusabimana akimletea mota, anamtazama kwanza usoni, anamuuliza zilikuwa za nani. Dusabimana asipojibu, Zéphyrin hazigusi. Verdiane anapita mbele ya karakana akienda sokoni. Anasalimia kutoka barabarani, anaitikiwa, anaendelea na safari yake.